Shajara ya kumfundisha Kitinda nyumbani: silabi, mizizi na mchana usio na kitabu

Januari: mradi wenyewe

Shajara hii ni ya kazi moja: kumfundisha nyumbani mtoto wetu wa mwisho, ambaye humu nitamwita Kitinda. Ana miaka 9. Anaongea vizuri, maswali yake hayaishi, na anasoma polepole kiasi kwamba akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Tathmini ilitoa jibu la disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uhaba wa akili. Macho yalipimwa na masikio yalipimwa, yote mazima.

Ripoti ya mtaalamu ni ndefu, lakini kwa kazi ya kila siku nimeikunja ikawa mambo matatu, nikayabandika ukutani. Utambuzi wake wa sauti ndani ya neno ni hafifu. Kumbukumbu yake ya muda mfupi hubeba kidogo. Na ulimi wake huchelewa kutaja hata vitu anavyovijua. Hilo la tatu ndilo watu hawalisikii mara nyingi. Mtoto hupewa ukurasa wenye picha chache zinazojirudia safu kwa safu, akaambiwa azitaje upesi awezavyo. Mwaka 1976 Martha Denckla na Rita Rudel walionyesha kwamba jaribio hili huwatofautisha watoto wenye disleksia na wenye matatizo mengine ya kujifunza: majina wanayajua, ila yanachelewa kuja. Kitinda ndivyo alivyo. Hakukosea picha hata moja, ila kila jina lilikuja kama limetoka mbali. Ukishaliona hilo huwezi tena kumwambia mtoto "si ulilisoma neno hili jana!" Kulijua analijua. Linachelewa njiani.

Malengo ni mawili. La kwanza, asome bila kuchoka vibaya. La pili, maarifa yasisubiri kusoma. Darasani kila somo lilipitia kwenye maandishi, hivyo mtoto aliyechelewa kusoma alionekana amechelewa pia katika sayansi, somo ambalo ukimuuliza kwa mdomo anakujibu mpaka na usiyomuuliza. Kwangu lengo hili la pili ndilo zito, hata kama ndugu na majirani wanauliza habari za lile la kwanza tu.

Sheria tuliisoma kabla ya kununua hata penseli. Mambo haya hutofautiana mno. Ujerumani kwa kawaida haikubali mtoto asomee nyumbani badala ya shule. England, Sheria ya Elimu ya 1996 inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anapata elimu inayolingana na umri wake, uwezo wake na mahitaji maalumu aliyonayo, ama shuleni au kwa njia nyingine. Anayefikiria njia hii aanzie hapo alipo, kwenye sheria ya kwao, na nakala za tathmini azihifadhi kama anavyohifadhi cheti cha kuzaliwa.

Ratiba: kusoma ni asubuhi akiwa hajachoka, vipindi viwili vya dakika 20, katikati anatoka nje kukimbia. Kisha hesabu. Mchana ni maarifa, na mchana hakuna kusoma kwa lazima. Kusoma ninafundisha mimi, hesabu anafundisha baba yake. Kugawana huku kumesaidia zaidi ya nilivyotarajia, maana mtoto akinikasirikia mimi asubuhi, saa ya hesabu anakutana na uso mwingine. Juzi aliniuliza, "Mama, saa hizi wewe ni mama au mwalimu?" Tukakubaliana: nikivaa miwani, mwalimu, nikiivua, mama. Sasa akichoka ananiomba niivue.

Februari: sauti kwanza, herufi baadaye

Hatukugusa kitabu kwa muda. Tulicheza na sauti, tukiwa tunatembea, tunafua, tunakunja nguo. Sema "kalamu" bila "mu". Sema "sahani" bila "ni". Siku moja nikamwambia aseme "kitabu" bila "ki". Akasema "tabu", akanyamaza, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila kitabu asichokipenda anakiita tabu, nami sina hoja ya kumpinga.

Mwenendo tunaoufuata ni wa zamani. Samuel Orton, daktari wa neva wa Marekani, alianza kuandika kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1925, na katika miaka ya 1930 mwalimu Anna Gillingham aliyageuza mawazo hayo kuwa mfuatano wa masomo: sauti moja baada ya nyingine kwa mpangilio usioruka, mtoto aione, aisikie, aitamke na aiandike kwa pamoja. Mfuatano wenyewe ulitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambako sauti moja huandikwa kwa njia nyingi na herufi moja hutamkwa kwa njia nyingi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo kwetu haipo. Tuna vokali tano zisizobadilika, na silabi zetu karibu zote huishia kwa vokali. Kwa hiyo tumechukua mwenendo, orodha tukaiacha.

Ugumu wetu uko kwingine. Kwanza, lile jedwali la ba, be, bi, bo, bu. Kitinda alikuwa analiimba lote bila kukosea, jicho liko dirishani. Nilipozikata zile silabi na kuzichanganya, bo, ka, mi, tu, se, wimbo ukakatika na hakuna aliyobaki nayo. Alikuwa amejifunza wimbo. Nadhani watoto wengi wanapita hapo bila mtu kujua, kwa sababu wakiimba pamoja sauti ya mwenzako inakubeba. Sasa hatuimbi. Kadi zinachanganywa kila asubuhi, na silabi inayojibiwa bila kusita inawekwa kwenye kopo la "zimekaa", ikirudishwa siku chache baadaye kuhakikisha kweli imekaa.

Pili, konsonanti zinazoanza kwa sauti ya puani. Akiandika "ndege" anaandika "dege". "Mbuzi" inakuwa "buzi", "ngoma" inakuwa "goma", na "ng'ombe" sijui niiandikeje alivyoiandika. Ile sauti ya puani inapita haraka na yeye haisikii kama kitu cha peke yake. Dawa yetu ni kidole puani. Tamka "buzi": pua imetulia. Tamka "mbuzi": pua inatetemeka kidogo kabla ya b. Tamka "goma", kisha "ngoma". Kile ambacho sikio halikikamati, kidole kinakikamata. Kwa "ng'ombe" pua inatetemeka yenyewe na g haipo kabisa, na hapo ndipo alipoelewa kile kialama cha juu kina kazi gani.

Tulitenga pia m inayosimama peke yake kama silabi. "Mtoto" ni m-to-to, lakini "mbuzi" ni mbu-zi, na "mbwa" ni m-bwa. Hakuna sababu ya kumweleza mtoto wa miaka 9 nadharia ya jambo hili. Tunapiga makofi tu, kofi moja kwa kila silabi, na mkono unajua.

Tatu, b na d. Hapa lugha yetu imetutegea mtego mbaya: "baba" na "dada" ni maneno ya kwanza kabisa kwenye kila kitabu cha kuanzia kusoma, na kwa mtoto wa aina hii ni neno moja linalojitazama kwenye kioo. Tulizitenganisha. B tuliifanya peke yake mpaka ikazoeleka, d haikuonekana mezani. Mkono wa b unaanza na mstari unaoshuka. Mkono wa d unaanza na duara, kama mtu anayeandika a kisha akabadili mawazo na kuinua mkia. Anaziandika kwa kidole kwenye bati lenye mchanga huku akizitaja. Angalau p na q haitusumbui, q hatuna.

Machi: neno refu

Huu ndio mwezi ulionifundisha mimi zaidi kuliko yeye.

Silabi sasa anazisoma. Makosa yamepungua sana. Lakini kasi haikuja, na nikaanza kuchanganyikiwa, maana vitabu vingi nilivyonavyo vinamwelezea mtoto anayekosea maneno na huyu hakosei. Anafika, ila kwa kuchelewa. Jibu nililipata kwa Heinz Wimmer, aliyewachunguza watoto wanaosoma Kijerumani, lugha ambayo maandishi yake yanafuata matamshi kwa karibu, na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Watoto wenye disleksia walisoma kwa usahihi wa kuridhisha; tatizo lao kubwa lilikuwa kasi. Katika lugha ambayo herufi haidanganyi, mtoto hapotei njia. Anatembea tu hatua kwa hatua wakati wenzake wamepanda gari. Kiswahili kiko upande huo.

Tena Kiswahili kina mzigo wake. Chukua "hawakutufundisha". Ni silabi saba, na kila moja Kitinda anaijua: ha, wa, ku, tu, fu, ndi, sha. Akifika "fu", "ha" imeshaanguka. Akifika "sha" anakisia: "wakafundisha?" Maana imegeuka kichwa chini, kwa sababu ukanushi wote ulikuwa kwenye ile "ha" iliyoanguka. Mtu akimsikia anaweza kudhani haelewi anachosoma. Anaelewa barabara, kilichomfikia ndicho kilichokuwa pungufu.

Silabi saba ni nyingi kwa kumbukumbu yake. Vipande vitatu haviwi vingi: hawaku, tu, fundisha. Kwa hiyo tukahama kutoka silabi kwenda viungo vya neno. Nilikata kadi za rangi. Za nafsi ni buluu: ni, u, a, tu, m, wa. Za wakati ni kijani: na, li, ta, me. Za mtendwa ni njano. Mzizi ni kadi nyeupe, kubwa kuliko zote. Anajenga neno kwa kupanga kadi mezani, analisoma, halafu anabadili kadi moja tu na kulisoma tena. Anamfundisha. Alimfundisha. Atamfundisha. Atawafundisha. Kwa ukanushi tulitengeneza kadi nyekundu zilizounganishwa tayari: siku, huku, haku, hatuku, hamku, hawaku. Hizi hazivunjwi. Anaziona kama kitu kimoja, kama tunavyoziona sisi bila kujua.

Kisha kinyume chake, na hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu. Nampa neno limeandikwa kwenye karatasi na yeye anatafuta mzizi kabla ya kusoma chochote. Jicho halianzii kushoto likienda kulia kwa kubahatisha. Linaruka kwanza kuutafuta mzizi, linaupigia mstari, ndipo linarudi mwanzo. "Waliotutembelea": tembelea, amelipata, sasa wa-li-o-tu. Niliogopa kwamba ninamwongezea hatua. Kumbe mzizi ukishajulikana, vya mbele yake ni vichache na vinajirudia, na vinakuja na maana yake tayari.

Familia za mizizi ameziandikia daftari lake. Kwa -som- ana soma, somea, someka, somesha, somo, masomo, msomaji, msomi. Jana ameongeza "kisomo" bila mimi kumwambia, alilisikia redioni. Mtoto asiyependa kusoma amegeuka mkusanyaji wa maneno. Sijui kama hilo lina kipimo.

Kuhusu karatasi zenyewe: ninachapa mwenyewe, herufi kubwa kidogo, nafasi kati ya herufi na herufi nimeipanua, na mstari haujai maneno. Hili si la kukisia. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano na Kifaransa: kupanua nafasi kati ya herufi kuliwaongezea kasi na kuwapunguzia makosa papo hapo, bila mafunzo yoyote. Ni jambo la bure. Kila programu ya kuandikia ina kitufe hicho.

Machi, siku za mwisho

Mtu anayetutakia mema ametushauri tununue miwani ya rangi. Nimekataa kwa upole. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho, vilitoa tamko kwamba ushahidi hauungi mkono lenzi za rangi wala mazoezi ya macho kama tiba ya matatizo haya. Shida iko kwenye lugha, haiko kwenye jicho. Fedha hiyo tumeiweka kwenye spika ndogo ya kusikilizia vitabu.

Aprili: mchana usio na kitabu

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyemwita Percy. Percy alikuwa amefundishwa kusoma kwa miaka, akashindwa. Jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Hesabu hazikumpa taabu. Mwalimu wake alisema angekuwa kijana mwerevu kuliko wote shuleni lau mafunzo yangetolewa kwa mdomo tu.

Ninairudia habari hiyo mara nyingi kichwani. Mwalimu yule aliona, na akasema. Halafu sijui kama kuna aliyemwambia: basi mfundishe kwa mdomo, huku kusoma kukiendelea pembeni kwa mwendo wake.

Mchana wetu uko hivi. Ninasoma kwa sauti, au baba yake, au simu inasoma. Kitabu ni cha umri wa kichwa chake, wala hakishushwi kufuata kiwango chake cha kusoma. Mwezi huu tulikuwa na mwanga: kivuli, kioo, upinde wa mvua, awamu za mwezi. Alishika tochi, mpira ulikuwa dunia, na kitufe cha koti kilikuwa mwezi. Baada ya somo ananisimulia alichoelewa, nami ninaandika kama karani, neno kwa neno, sirekebishi chochote isipokuwa akiniomba. Anapotafuta neno lisilokuja ninasubiri. Kusubiri ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, jino unalibana.

Wazo lililo nyuma ya mpango huu ni la Philip Gough na William Tunmer, 1986. Walisema kusoma ni zao la vitu viwili vilivyozidishwa, kufumbua maandishi na kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Mtoto anayesoma kidogo hukutana na maneno machache, na polepole kile kipande cha pili, alichokuwa nacho kizima, nacho kinaanza kusinyaa. Mchana wetu upo kulinda kipande cha pili.

Na mchana ukaanza kuilisha asubuhi. Yale masimulizi aliyoyatamka mwenyewe ninayachapa usiku, nafasi zikiwa pana, na kesho yake ndiyo anayoyasoma. Maneno ni yake, maana anaijua, kwa hiyo nguvu zote zinaenda kwenye kufumbua. Kifungu kifupi kinasomwa tena na tena mpaka kitiririke, njia iliyoelezwa na S. Jay Samuels mwaka 1979. Na kitabu cha mtu mwingine asingekubali kukirudia mara ya tatu. Cha kwake anakirudia, halafu ananiita nisikilize, halafu anamfuata baba yake.

Shangazi yake alipiga simu. "Wifi, huyo mtoto sasa anasoma kama wenzake?" Nikamwambia, wifi, kasi usiiulize, hebu muulize mwezi unapata wapi mwanga. Akamuuliza. Ikabidi shangazi mtu ajifanye ana mgeni mlangoni ndipo simu ikakatwa.

Mei: hesabu

Ukurasa huu ni wa baba yake, mimi ninanukuu daftari lake kwa ufupi.

Kuhesabu mpaka 19 hakuna tabu. Kumi na tatu ni kumi, na tatu. Jina linaonyesha namba ilivyojengwa. Mgogoro unaanzia makumi. Sitini inafanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa. Lakini ishirini haina sura ya mbili, thelathini haina sura ya tatu, arobaini haina ya nne, hamsini haina ya tano, na themanini haimkumbushi nane. Kwa mtoto ambaye jina huchelewa kuja, hizi tano ni ukuta. Akiona 47 anajua ni makumi manne na saba, anaweza hata kuigawanya, ila midomo inasema "thelathini... hapana... hamsini na saba".

Baba yake aliamua kutenganisha kujua namba na kuitaja. Mezani wanasema "makumi manne na saba", na hesabu inaendelea bila kukwama. Majina yale matano yanafanyiwa kazi peke yake, kidogo kila siku, mbali na hesabu. Tangu hapo hesabu imeacha kuwa ya machozi.

Vifaa ni vijiti vya rangi vya mtindo wa Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, ambavyo vilienea kuanzia miaka ya 1950: cheupe sentimita 1, cha chungwa sentimita 10, na vingine katikati, kila urefu na rangi yake. Vyetu ni vya kadibodi. Jedwali la kuzidisha liko mezani, halifichwi. Kuna anayesema huko ni kumdekeza. Kichwa kinachohangaika kukumbuka 7 mara 8 hakina nafasi ya kufikiria swali linauliza nini. Na mafumbo ya maneno anasomewa, kwa sababu saa ile tunapima hesabu.

Juni: kupima

Kila Ijumaa anasoma kifungu kipya kwa dakika moja, ninaweka alama, basi. Kipimo kifupi kinachorudiwa mara kwa mara kwenye kazi yenyewe kinasema mengi kuliko mtihani mkubwa wa mwisho wa muhula. Stanley Deno aliieleza njia hiyo mwaka 1985 kwa ajili ya walimu wa elimu maalumu hasa.

Ila ninahesabu silabi, sihesabu maneno. Viwango vya maneno kwa dakika vinavyozunguka mtandaoni vingi vimetoka kwenye Kiingereza, na kumpima navyo mtoto anayesoma Kiswahili ni kumwonea. Neno letu moja, "hawakutufundisha", linabeba sentensi nzima ya wenzetu. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe, kifungu chenye vitenzi virefu kitaonyesha mtoto ameporomoka wakati hajaporomoka popote. Silabi ziko karibu na ukweli zaidi.

Pembeni ninaandika aina ya kosa. Puani imeachwa. B kwa d. Mwisho wa neno umekisiwa. Ukanushi umedondoka. Makosa ya l na r nimeacha kuyahesabu. Mengi yanatoka kwenye matamshi ya watu wanaomzunguka, disleksia isisingiziwe kila kitu. Grafu anachora mwenyewe kwenye karatasi ya mraba. Mstari unapanda kwa mwinuko mdogo, una bonde la wiki aliyougua mafua, kisha unapanda tena. Ukanushi kudondoka ndilo kosa lililopungua kuliko yote, na hilo ni matunda ya kadi nyekundu.

Alipoangalia grafu aliuliza mstari wa watoto wengine uko wapi. Nikamwambia hapa tunachora wako. Jibu hilo halikumtosha, na haki yake.

Julai: hali ilivyo

Kusoma: vifungu vifupi vya masimulizi yake vinatiririka. Maandishi ya watu wengine bado ni mazito, hasa yenye sentensi zinazovuka mstari. Kuandika kuko nyuma ya kusoma, na sishangai. Kuandika kunadai sauti, herufi, mkono na wazo kwa wakati mmoja. Insha anatamka, mimi ninaandika. Sentensi mbili tatu anaandika kwa mkono wake, na hapo ninasahihisha jambo moja tu tulilokuwa tunalifanyia kazi wiki hiyo, mengine ninayapita kana kwamba sijayaona.

Wenzake: Hili lilinitia wasiwasi kuliko silabi. Jioni yuko nje na watoto wa jirani, na Jumamosi anajiunga na kikundi cha kuigiza, ambako maneno hujifunzwa kwa kusikia. Amepewa nafasi yenye mistari mingi. Mistari ya wenzake pia anaijua.

Mitihani: Siku moja atataka cheti, na cheti kina chumba cha mtihani. Tumeanza kuuliza mapema kuhusu muda wa ziada na mtu wa kumsomea maswali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 24 unazitaka nchi zilizouridhia zitoe marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya kila mwanafunzi. Maombi kama haya hutaka tathmini ya karibuni na kumbukumbu za msaada aliozoea kuupata, na hilo ni jambo jingine ambalo shajara hii imekuja kulifaa bila kukusudiwa.

Kinachofuata ni -po- na -lipo-: alipofika, atakapofika, wanapocheza. Ni vigumu kwa sababu vinakaa katikati ya neno, mbele ya mzizi, na jicho lake bado linapenda kuvirukia. Kadi nimezikata, rangi ya zambarau. Za "amba-" nimeziweka kando mpaka hizi zikae. Kwa mchana amechagua sumaku, na baba yake ameshaombwa atafute misumari, waya na betri.